UZI: Pua yenye tindikali, damu yenye alkali. Mpwa wangu na CF, ugonjwa wa kurithi wa ute mzito

Mwalimu_wa_Rau

Wakuu, salaam kutoka Moshi. Mimi ni mwalimu wa kemia, sekondari. Kila mwaka nafundisha asidi na besi, karatasi ya litimasi, mizani ya pH. Wanafunzi wanakariri, wanafanya mtihani, yanaishia hapo. Mwaka jana somo hilohilo liliingia nyumbani kwetu kupitia mtoto wa dada yangu, na tangu hapo silifundishi kama zamani. Nitaandika kirefu, naomba mnivumilie. Naamini kuna nyumba hapa Kilimanjaro na Arusha zenye mtoto kama huyu, na wazazi hawajui wanachouguza.

Mpwa wangu ana miaka sita. Amelelewa na bibi yake Machame ya juu, kwenye baridi. Tangu mchanga makamasi hayajawahi kukauka, mazito, ya njano na mara nyingine ya kijani, yanavutika kama gundi. Kikohozi nacho hakikatiki. Kula anakula vizuri sana lakini hanenepi, na choo chake kina mafuta na harufu kali kupita kawaida ya mtoto. Nimonia ametibiwa mara nne. Majirani wakasema mpelekeni hospitali ya Kibong'oto akapimwe kifua, akapimwa TB, hana. Ikasemwa pumu. Ikasemwa nyama za pua. Yakasemwa na mengine ambayo sitayaandika hapa kwa heshima ya bibi.

Februari mwaka jana dada akamshusha tambarare, nyumbani kwake karibu na mashamba ya miwa ya TPC. Anayejua joto la kule mwezi wa pili anajua. Siku ya tano mtoto akalegea, anatapika, hata uji hataki. Fulana yake ilikuwa na michirizi myeupe shingoni na kwapani; dada alidhani ni sabuni haikusuuzika. Tukakimbilia hospitali. Majibu ya damu: sodiamu chini, potasiamu chini, kloridi chini kabisa, bikabonati juu. Damu ya mtoto ilikuwa imeegemea upande wa alkali.

Daktari wa zamu, kijana tu, aliikalia ile karatasi kwa muda. Kisha akamuuliza dada swali ambalo kwa miaka yote hiyo hakuna aliyewahi kutuuliza: "Mama, ukimbusu huyu mtoto kwenye paji la uso, unaonja nini?"

Dada akajibu palepale. "Chumvi. Tangu amezaliwa."

Naendelea.

Kijana_Ngaramtoni

Nimeweka kambi hapa mwalimu. Ila CF si ndiyo ile sistiki faibrosisi? Tulipokuwa chuo tuliambiwa ni ugonjwa wa wazungu, kwetu haupo.

Mwalimu_wa_Rau

Ndiyo hiyo, mdogo wangu, na hilo la "wazungu" ndilo lililotuchelewesha. Ni kweli kwamba wenye asili ya Ulaya wanaupata zaidi. Lakini jeni yenyewe, iliyopatikana mwaka 1989 kwenye kromosomu ya 7, kila binadamu anayo, na inaweza kuharibika kwa namna nyingi. Kuna badiliko moja linaloandikwa 3120+1G>A, na hilo linajulikana hasa kwa watu wenye asili ya Afrika. Afrika Kusini wamelikuta kwa wagonjwa weusi miaka mingi iliyopita. Mtoto anaugua akirithi nakala mbovu kutoka kwa baba na nyingine kutoka kwa mama. Wazazi wenyewe wanaweza kuwa wazima kabisa, wasijue lolote, na kila mimba inabeba uwezekano wa mmoja kati ya wanne. Kwa hiyo yule shemeji anayetafuta "upande gani umeleta" aache. Pande zote mbili zimeleta, na hakuna mwenye kosa.

Sasa niingie kwenye kilichonifanya nianzishe uzi.

Jeni hiyo inatengeneza protini inayoitwa CFTR. Ichukulieni kama mlango kwenye ukuta wa seli, mlango wa kupitisha chembe zenye chaji hasi: kloridi, na pia bikabonati. Watu wengi wakielezwa CF wanaishia kwenye kloridi, yaani chumvi. Mimi nilipoanza kusoma usiku na mchana baada ya yale majibu, kilichonikamata ni bikabonati, kwa sababu hiyo ndiyo besi, ndiyo inayozima tindikali.

Ndani ya pua kuna tabaka la majimaji jembamba kuliko unywele. Juu yake ute unanasa vumbi na bakteria; chini yake kuna vinyweleo vya seli vinavyousukuma ute huo kwenda kooni, hata ukiwa umelala. Majimaji hayo yana pH yake. Kwa mtu mzima mwenye afya, pua huwa kati ya 5.5 na 6.5 hivi, yaani ina tindikali kidogo tayari. Anayeipanga ni nani? Kuna wawili wanavutana. Mmoja ni pampu inayoitwa ATP12A, ndugu wa ile pampu inayotengeneza tindikali tumboni, kazi yake kutoa haidrojeni. Wa pili ni huyu CFTR anayetoa bikabonati. Bikabonati ikikutana na haidrojeni, mwisho wake ni maji na kaboni dayoksaidi, na ile kaboni dayoksaidi inaondoka na pumzi. Tindikali imezimwa.

Kwa mtoto wa CF mlango haufunguki, au haupo kabisa. Lakini pampu haina habari kwamba mwenzake hayupo kazini, inaendelea kutoa haidrojeni. Majimaji ya pua yanachachuka.

Watafiti wa Chuo Kikuu cha Iowa, Marekani, mwaka 2014 walitoa vipimo vya pua za watoto wachanga. Wasio na CF walikuwa na pH ya karibu 6.4. Wenye CF, 5.2. Ukiangalia haraka unaona tofauti ya 1.2 tu, ndogo. Wanafunzi wangu nao hukosea hapo. Mizani ya pH inapanda kwa makumi: hatua moja ni mara kumi. Tofauti ya 1.2 ni haidrojeni mara kumi na sita. Mtoto mchanga, hajapata maambukizi ya maana, na tayari pua yake ina tindikali mara kumi na sita ya mwenzake wa kitanda cha pili. Nilipopiga hesabu hiyo kwenye daftari niliweka kalamu chini.

Mama_Usa_River

Shikamoo mwalimu. Pole sana na huyo mtoto, na dada yako umpe pole yangu. Naomba nieleweshe, tindikali kidogo puani inadhuru nini? Si ndiyo ingeua wadudu, kama tumboni?

Mwalimu_wa_Rau

Marahaba mama, asante, nitamfikishia. Swali lako ndilo nililomuuliza daktari, neno kwa neno.

Tumboni tindikali ni kali sana, pH ya 1 hadi 3, bakteria wengi hawaponi. Puani haifiki huko. Inafika mahali pabaya zaidi: haitoshi kuwaua wadudu, lakini inatosha kuwadhoofisha askari wetu. Majimaji ya njia ya hewa yana protini zinazoua bakteria, kama laisozaimu na laktoferini, na nguvu yake inapungua pH ikishuka. Iowa haohao walifuga nguruwe waliobadilishwa jeni wakawa na CF, na mwaka 2012 walitoa jaribio ambalo mimi naliona zuri kuliko yote niliyosoma. Walibandika bakteria kwenye vijiwavu vidogo vya dhahabu, wakaviweka kwenye njia ya hewa ya vitoto vya nguruwe kwa muda mfupi sana, wakavitoa na kuhesabu waliokufa. Kwenye nguruwe wa CF walikufa wachache. Wakapandisha pH kwa bikabonati: mauaji yakarudi. Wakaishusha pH kwa nguruwe wazima: mauaji yakapungua. Askari walikuwepo muda wote. Mazingira ndiyo yaliyowafunga mikono.

La pili ni ute. Hapa nawaomba tuingie jikoni. Bibi yake Machame akipika makande ya mahindi makavu, anatupia kibonge cha magadi, na kile kilichokuwa kigumu kinalegea. Mnaojua mlenda mnajua pia magadi yanavyoufanya uvutike. Ute wa pua nao, kabla haujatoka kwenye seli, umefungashwa kwa kubanwa sana, na kalisiamu ndiyo kamba inayoufunga. Ukitoka unatakiwa ukutane na bikabonati, bikabonati iichukue ile kalisiamu, ute ufunguke, unywe maji, utanuke, uwe mtelezi. Bikabonati isipokuwepo ute unatoka na kamba zake. Unabaki kama gundi. Haya ya ute aliyasisitiza sana Paul Quinton, mtafiti wa Marekani, na huyu ndiye aliyeonyesha mwaka 1983 kwamba tezi za jasho za wagonjwa wa CF hazipitishi kloridi. Yeye mwenyewe ana CF. Nilipomsimulia dada habari hiyo aliomba nimrudie mara mbili.

Kuna na la tatu, pH ikishuka, breki inayozuia seli zisifyonze sodiamu kupita kiasi inalegea, na maji yanaifuata sodiamu ndani. Tabaka linazidi kukauka.

FundiMaabara_Sakina

Mwalimu umeeleza vizuri, lakini naomba nikuongezee upande mwingine ili watu wasibebe nusu. Mimi ni wa maabara hapa Arusha. Huo utafiti wa 2014 ulipima pia watoto wakubwa na watu wazima wenye CF, na kwao pH ya pua haikutofautiana na ya watu wengine. Na mwaka 2017 kuna waliopima njia ya hewa ya watoto wenye CF moja kwa moja, wakasema si ya tindikali kuliko kawaida. Kwa hiyo hoja ya tindikali bado inabishaniwa.

Mwalimu_wa_Rau

Asante sana mkuu, na umefanya vema. Ni kweli, na nilitaka kufika huko.

Msimamo wangu baada ya kusoma pande zote: mvutano huu hauvunji hoja, unaiweka mahali pake. Tofauti kubwa imeonekana kwa wachanga, kabla ya maambukizi kuzoea nyumba. Baadaye pua ina uvimbe wa muda mrefu, na uvimbe unaamsha milango mingine ya bikabonati, mmojawapo unaitwa pendrini. Kwa hiyo mtoto wa miaka sita anaweza kupimwa na kuonekana kawaida, ilhali madhara yalianza akiwa mchanga. Kupima pia ni kazi ngumu. Tabaka hilo ni jembamba mno, ukiligusa umeshalivuruga, na kaboni dayoksaidi ikitoroka pH inapanda mikononi mwako. Wewe wa maabara unalijua hilo kuliko mimi.

Kinachonishikilia upande huu ni habari ya panya. Kwa miaka mingi panya wa maabara walioharibiwa jeni ya CFTR hawakuugua mapafu kama binadamu, na watu hawakuelewa kwa nini. Mwaka 2016 ikaonekana kwamba njia ya hewa ya panya karibu haina ile pampu ya ATP12A. Mlango umefungwa, lakini hakuna anayemwaga tindikali, basi hakuna mchachuko. Nguruwe na binadamu wana pampu, na wao wanaugua.

FundiMaabara_Sakina

Hapo kwenye panya nimekubali mkuu. Tuendelee.

Kijana_Ngaramtoni

Sasa mwalimu, kama tatizo ni kukosa bikabonati, na magadi tunayo tele kutoka Ziwa Natron, si mtoto anyweshwe magadi kidogo? Au yayeyushwe asafishwe nayo pua?

Mwalimu_wa_Rau

HAPANA. Naandika kwa herufi kubwa makusudi, na nawaomba wote mnaosoma kimyakimya msome hapa mara mbili.

Kwanza, mtoto hana upungufu wa bikabonati mwilini. Kumbukeni majibu yake ya damu: bikabonati ilikuwa JUU. Ukimnywesha unamzidishia alkali kwenye damu ambayo tayari ina alkali, unaweza kumuua. Shida ni mlango wa kuitoa kwenda puani. Ghala limejaa, mlango umefungwa. Kuongeza mzigo ghalani hakumfikii aliye nje.

Pili, magadi ya Natron si bikabonati tupu. Yamechanganyika na kaboneti, ambayo ni kali zaidi, na maji ya ziwa lile hupita pH ya 10. Yataunguza utando wa pua. Tena yana floridi, na sisi wa kanda hii tunaijua floridi kwenye meno yetu.

Wanasayansi wamewahi kufikiria kupandisha pH kwa dawa ya kuvuta, lakini hiyo ni kazi ya maabara na madaktari, isije jikoni kwetu.

Na hapa nieleze lile lililomlegeza mtoto pale TPC, maana nililiahidi kwenye kichwa cha uzi. Kwenye pua mlango wa CFTR unatoa chumvi nje. Kwenye mfereji wa jasho ni kinyume: mlango huohuo unatakiwa kuirudisha chumvi ndani kabla jasho halijafika kwenye ngozi. Ukifungwa, chumvi nyingi inamwagika. Ndiyo ile michirizi kwenye fulana, ndiyo ladha aliyoijua mama yake miaka sita. Machame kwenye baridi alikuwa anavuja kidogo. Tambarare Februari alivuja sana, sodiamu na kloridi zikashuka, na figo katika kuhangaika kuokoa chumvi na maji zikabaki na bikabonati. Mwaka 2020 ikaonyeshwa kwamba figo zenyewe zinahitaji CFTR ili kutupa bikabonati iliyozidi, na za wagonjwa wa CF hazifanyi hivyo vizuri. Hivyo mtoto mmoja, siku moja, kwa mlango mmoja mbovu: njia ya hewa inanyimwa bikabonati, damu inazama ndani yake.

Jambo hili la joto si geni. Daktari Dorothy Andersen wa New York ndiye aliyeutenga ugonjwa huu na kuuelezea mwaka 1938. Joto kali lilipoupiga mji huo mwaka 1948, watoto wenye CF walilegea hospitalini kwa kupoteza chumvi, na kufikia mwaka 1953 mwenzake, Paul di Sant'Agnese, alikuwa ameonyesha kwamba tatizo liko kwenye jasho. Kipimo cha jasho kinachotumika hadi leo kilitoka 1959. Kloridi ya jasho ikiwa 60 kwa lita au zaidi, kwa kipimo cha milimoli, hiyo ni CF. Chini ya 30, si rahisi iwe. Ya mpwa wangu ilikuwa 104. Damu ikasafirishwa nje ya nchi kusomwa jeni, tukasubiri wiki saba. Nakala zote mbili mbovu.

Mama_Usa_River

Mwalimu nina binti wa miaka minane. Pua imeziba miaka miwili, anakoroma, na daktari alimulika akasema ana vinyama. Ngozi yake sijawahi kuichunguza. Usiku huu nimembusu akiwa amelala. Sijui kama ni chumvi au ni machozi yangu.

Mwalimu_wa_Rau

Mama, vuta pumzi kwanza. Vinyama vya pua peke yake si hukumu ya CF, na jasho la kila mtoto lina chumvi kidogo.

Lakini nikueleze tofauti moja. Nyama za pua tulizozoea kusikia kwa watoto hapa kwetu ziko nyuma kabisa, pua inapokutana na koo, na watoto wengi wanazo. Vinyama vingine vinaota ndani ya pua yenyewe, laini, vinang'aa, kama zabibu iliyomenywa. Hivyo kwa mtoto mdogo si vya kawaida, na vikionekana inafaa daktari afikirie CF. Sainasi za wagonjwa hawa karibu wote huwa zimejaa ute ule mzito, ndipo bakteria kama sudomonasi wanapojificha na kushukia mapafuni.

Kesho muulize daktari alivyoona, viko wapi na vya aina gani. Mweleze pia kama anakohoa siku zote, kama choo kina mafuta, kama anakua. Mtaje CF kwa jina, usione aibu. Omba rufaa kwa daktari wa watoto, KCMC au popote penye bingwa. Laiti sisi tungelitaja miaka minne mapema.

Bibi_wa_Kibosho

Mwanangu, na huyo mjukuu sasa yukoje?

Mwalimu_wa_Rau

Shikamoo bibi. Anaendelea. Kila chakula anameza vidonge vya vimeng'enya vya kongosho, na ameongezeka kilo tatu. Chumvi anaongezewa kwa kipimo cha daktari, na miezi ya joto hashuki tambarare. Asubuhi na jioni anavuta mvuke wa maji ya chumvi ya asilimia 7 kwa mashine, halafu mama yake anampigapiga mgongo ute utoke. Pua inasafishwa kwa maji ya chumvi ya dukani, yale ya asilimia 0.9. Mwanzo alilia, sasa anashika chupa mwenyewe.

Kuna dawa mpya zinazofungua ule mlango. Ya kwanza iliruhusiwa Marekani mwaka 2012, na ile yenye nguvu ya mchanganyiko wa tatu mwaka 2019. Bei yake kule ni zaidi ya dola 300,000 kwa mwaka, nimeandika tarakimu ili mwone wenyewe. Tena zinahitaji mlango uwepo, hata kama umepinda. Badiliko la kijana wetu linazuia mlango usitengenezwe kabisa, kwa hiyo hata tungepata fedha hazina cha kushika. Tunasubiri tiba za kurekebisha jeni yenyewe, zinafanyiwa kazi.

Jana alinikuta nasahihisha madaftari, akachukua karatasi ya litimasi mezani akaniuliza inafanya nini. Nikamwambia inasema kama kitu ni kichachu kama ndimu au kichungu kama sabuni. Akailamba. Ikabadilika kidogo sana, akaniambia, "Mjomba, weka na ya puani." Sikuiweka. Nilimpa karatasi mpya na ndimu, tukaanza somo la kwanza.

Mama_Usa_River

Mwalimu, nimepata miadi Alhamisi. Nitarudi kuandika hapa.